Tusiizoee damu chooni

Mada ya mwezi huu si ya kuzungumzwa wakati wa chakula. Hata hivyo inahusu kila nyumba, na aibu ya kuizungumza imekwisha wapeleka wengi kaburini kabla ya wakati wao. Tunataka kueleza jinsi utumbo mpana unaovimba na kutoka vidonda kwa miaka mingi unavyoweza mwishowe kuota saratani, yaani kansa. Tutaeleza pia jinsi familia inavyoweza kuigundua hatari hiyo mapema.

Ugonjwa wa tumbo katika njia ya misafara

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia ya kale iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Miembe mikubwa tunayopumzika kivulini mwake ni kumbukumbu ya njia hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, na katika kambi zao maradhi nayo yalisafiri: homa, ndui, kipindupindu na kuhara damu.

Njiani, ugonjwa wa tumbo ulikuwa jambo la siku chache. Mpagazi alipona akabeba mzigo wake tena, au alizikwa kando ya njia. Mazoea hayo tumeyarithi. Mpaka leo mtu akihara damu tunahesabu siku: tunatafuta dawa, damu ikikoma tunasahau, ikirudi baada ya mwezi tunanunua dawa ile ile. Hatujazoea kuwaza kwamba tumbo linaweza kuugua kwa miaka 10 au 20, na kwamba miaka hiyo yenyewe ndiyo hatari.

Mgeni mmoja maarufu wa njia hiyo ni daktari na mmisionari David Livingstone. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, na mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na mji wetu, ambako nyumba ya tembe ya kumbukumbu ipo hadi leo. Livingstone alisumbuliwa miaka mingi na tumbo na kutokwa damu katika njia ya haja kubwa. Kabla ya safari yake ya mwisho alishauriwa kupasuliwa bawasiri, hakukubali. Mwezi wa Aprili 1873 aliandika katika daftari lake kwamba amepauka na kuishiwa nguvu kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimtoka tangu mwisho wa Machi. Majuma machache baadaye alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake, wakapitia tena Unyanyembe, hadi pwani. Hatukitaji kisa hiki kama kisa cha saratani. Tunakitaja kwa sababu mtu huyo alikuwa daktari, aliiona damu, akaizoea. Ikiwa daktari aliweza kuizoea, sisi je?

Mchochota ni nini?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Kwa mtu mzima una urefu wa kama meta moja na nusu, na kazi yake ni kufyonza maji na kukifanya choo kiwe kigumu kabla hakijatoka. Ndani umefunikwa na ngozi laini inayojifanya upya kila baada ya siku chache.

Ukijichoma mwiba, mahali pale panakuwa pekundu, pa moto, panavimba na kuuma. Hali hiyo huitwa mchochota. Ni kazi njema ya mwili: damu nyingi inaletwa mahali pale, na chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana na vijidudu. Mwiba ukitoka, vita inakwisha na kidonda kinapona.

Lakini yapo maradhi ambamo vita haikwishi. Katika utumbo mpana, ugonjwa mkubwa wa namna hii huitwa kolaitisi ya vidonda. Mwingine ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika sehemu yoyote tangu kinywani hadi kwenye tundu la haja kubwa. Mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe. Mara nyingi maradhi haya huanza ujanani, kati ya miaka 15 na 35. Hayaambukizi, wala hayaletwi na uchawi au laana. Mtu anahara kamasi na damu kwa majuma, anapata nafuu kwa miezi, kisha yanarudi. Kwetu si maradhi ya kawaida kama yalivyo Ulaya, lakini yapo. Na kwa kuwa hayafikiriwi, mgonjwa huambiwa ana amiba, mchango au ngiri, akapewa vidonge vya amiba mara tano au sita bila kupimwa choo hata mara moja.

Jinsi mchochota unavyozaa saratani

Tufikirie karani wa parokia anayenakili kitabu cha ubatizo. Akikinakili mara moja kwa utulivu, makosa ni machache. Sasa tumweke katika chumba kilichojaa moshi, tumwamuru anakili usiku na mchana, na kila nakala mpya ainakili kutoka katika ile iliyotangulia. Kosa la leo litaingia katika nakala ya kesho, na baada ya miaka mingi kitabu kitakuwa kimeharibika.

Utumbo wenye mchochota wa kudumu ni kama chumba hicho. Chembe nyeupe za damu humwaga sumu zilizokusudiwa kuua vijidudu. Zisipokuta vijidudu, zinaunguza chembe za utumbo na kuharibu jeni, yaani maagizo yanayoiambia kila chembe ikue lini na ikome lini. Huo ndio moshi. Wakati huo huo vidonda vinadai kuzibwa, kwa hiyo chembe zinagawanyika upesi kuliko kawaida. Hiyo ndiyo haraka ya karani. Makosa yanarundikana. Kwanza chembe zinakuwa na sura isiyo ya kawaida, bila kuumiza mahali popote. Baadaye baadhi yake hazisikii tena amri ya kukoma kukua. Hapo saratani imezaliwa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alikwisha ona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani, akahisi kwamba mchochota na saratani vina undugu. Mwaka 1925 Burrill Crohn na mwenzake, huko New York, walieleza habari za mgonjwa wa kolaitisi aliyepata saratani. Mwaka 2001 madaktari wa Uingereza walijumlisha tafiti nyingi zilizofanywa hadi wakati ule. Walipata kwamba katika wagonjwa 100 wa kolaitisi ya vidonda, 2 walikuwa wamepata saratani baada ya miaka 10, 8 baada ya miaka 20, na 18 baada ya miaka 30. Tafiti za baadaye zimetoa hesabu ndogo zaidi, kwa sababu dawa zimekuwa bora na wagonjwa wanachunguzwa mara kwa mara. Lakini somo ni lile lile: hatari inakua kadiri miaka inavyopita, na kadiri sehemu kubwa ya utumbo inavyokuwa imeshikwa.

Tuseme pia upande wa pili, ili tusitie watu hofu bure. Saratani nyingi za utumbo mpana hazitokani na kolaitisi. Katika wagonjwa 100 wa saratani hii, ni 1 au 2 tu walioanza na mchochota wa kudumu. Wengi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo na kukua polepole, pengine kwa miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo onyo la damu linamhusu kila mtu.

Mfano tulio nao nyumbani: kichocho

Anayeona shida kuamini kwamba mchochota unaweza kuleta saratani aangalie kichocho. Katika mabwawa na majaruba ya mpunga ya mkoa wetu kuna konokono wanaobeba kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo yake hukwama katika ukuta wa kibofu, kibofu kikawa na mchochota kwa miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa hupata saratani ya kibofu. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikitaja rasmi kichocho hiki kuwa kisababishi cha saratani.

Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, ni tofauti. Kinaleta choo chenye damu na kuharibu ini, lakini shirika hilo halikuona ushahidi wa kutosha kukihesabu kuwa kisababishi cha saratani ya utumbo. Hatari yake katika habari yetu ni kwamba kinaficha. Mtu aliyekulia Kigoma au Mwanza akiona damu husema, "Ni kichocho changu cha zamani," naye hapimwi tena. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, nayo hutolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Ikiwa amekunywa dawa na damu inaendelea, lazima atafutiwe sababu nyingine.

Kupambanua damu na damu

Hakuna awezaye kutambua ugonjwa kwa kuangalia choo peke yake. Lakini dalili zifuatazo zitamsaidia mgonjwa kujieleza vizuri mbele ya daktari:

1. Bawasiri: damu nyekundu inayodondoka baada ya choo, au inayoonekana juu ya choo bila kuchanganyika nacho.

2. Kuhara damu kwa vijidudu: huanza ghafla, tumbo linasokota, mara nyingi kuna homa. Akitibiwa, mgonjwa hupona kwa siku chache.

3. Mchochota wa kudumu: kuhara kamasi na damu kwa zaidi ya majuma manne, kunakokuja na kuondoka, haja ya ghafla isiyozuilika, kuamka usiku kwenda chooni, kukonda, pengine maumivu ya viungo, macho kuwa mekundu au vidonda mdomoni.

4. Saratani: choo kubadilika bila sababu, leo kufunga kesho kuhara, choo kuwa chembamba, kuhisi kwamba haja haikwishi, damu iliyochanganyika na choo au choo cheusi kama lami, kukonda, uvimbe tumboni.

Ipo dalili moja ambayo husahauliwa, nayo ni upungufu wa damu. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mpana hutoa damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Mwanamume yeyote, au mama aliyekwisha koma hedhi, akiambiwa damu yake imepungua, asiridhike na vidonge vya kuongeza damu peke yake. Aulize: damu hii inakwenda wapi?

Vipimo visitutishe

Kipimo cha kwanza ni kidole cha daktari au tabibu mwenye glavu. Hakihitaji umeme wala mashine, na saratani nyingine za sehemu ya chini huguswa kwa kidole hicho. Tunajua ni kipimo kinachoonewa haya. Mama anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo, na baba hali kadhalika anaweza kuomba mwanamume. Kinachukua chini ya dakika moja.

Kipimo cha pili ni choo chenyewe, kutafuta amiba, mayai ya kichocho, na damu iliyojificha. Anayehara kwa muda mrefu apimwe pia virusi vya UKIMWI, na ikibidi kifua kikuu cha utumbo, kwa kuwa hiki hufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Utaratibu huu una maana kubwa: dawa za kutuliza mchochota zikitolewa kwa mtu mwenye amiba ambayo haijagunduliwa, zinaweza kumwua.

Kipimo cha tatu ni kuchungulia utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, na kukata vipande vidogo vya nyama ili vikaangaliwe kwa hadubini. Hiki ndicho kinachotoa jibu la hakika. Mgonjwa aanze zahanati au kituo cha afya, aandikiwe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Kitete, na kutoka hapo apelekwe panapostahili. Kwa watu wa magharibi, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza, inayotoa pia huduma za saratani. Dar es Salaam kuna Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Safari ni ndefu na nauli ni mzigo. Ndiyo maana jumuiya ndogo ndogo zinazochangia harusi na misiba zingefanya vema kuchangia pia nauli ya mgonjwa aliyeandikiwa rufaa, akiwa bado ana nguvu za kusafiri.

Aliyekwisha gunduliwa kuwa na kolaitisi inayoshika sehemu kubwa ya utumbo anapaswa kuchunguliwa tena kwa mpira ikifika kama miaka 8 tangu dalili zilipoanza, hata kama anajisikia mzima. Baada ya hapo daktari atampangia, kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Lengo ni kuziona chembe zilizoanza kubadilika kabla hazijawa saratani.

Faida ya kuwahi ni kubwa. Katika nchi zenye vipimo vya kutosha, wagonjwa kama 9 kati ya 10 ambao saratani yao imekutwa ikiwa bado ndani ya utumbo huwa hai baada ya miaka 5. Ikikutwa imekwisha fika katika ini au mapafu, hawafiki hata 2 kati ya 10.

Chakula cha wazee wetu

Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi ya upasuaji Uganda kwa takriban miaka 20. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari zaidi ya kilometa 16,000 katika Afrika Mashariki na kusini, wakitembelea hospitali na kuuliza habari za saratani ya taya za watoto, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Baadaye aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini Afrika, na nyingi kwa Wazungu. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu mojawapo ni chakula: sisi tulikula vyakula vyenye makapi mengi, wao walikula vilivyokobolewa.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba makapi hayamalizi habari yote, lakini kweli yanasaidia. Basi tusiuone kuwa wa kimaskini ugali wa dona au wa mtama, matembele, mlenda, maharage, michembe na matobolwa. Mwaka 2015 lile shirika la Lyon lilitaja nyama za viwandani, kama soseji, kuwa kisababishi cha saratani ya utumbo, na nyama nyekundu kuwa huenda ni kisababishi. Pombe na sigara navyo vinaongeza hatari. Tunajua tumbaku ndiyo ada ya shule na bati la nyumba katika familia nyingi za Urambo na Sikonge. Tunachosema ni kwamba aliyeilima halazimiki kuivuta.

Lakini chakula chema hakitibu kolaitisi wala saratani. Tena mgonjwa wa kolaitisi, ugonjwa unapomzidi, huenda akashauriwa kupunguza makapi kwa muda.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, kila mwenye kolaitisi atapata saratani? Hapana. Walio wengi hawapati. Dawa zinazotuliza mchochota, kama sulfasalazini, zinampa nafuu, na utumbo uliotulia una hatari ndogo. Kosa linalofanyika ni kuacha dawa mara tu damu inapokoma.

Je, naweza kutumia dawa za mitishamba? Usinywe wala usipigwe bomba la dawa ya kuendesha ikiwa unatoka damu. Utumbo wenye vidonda unaweza kutoboka. Kama umekwisha tumia, mweleze daktari bila woga, anahitaji kujua.

Ndugu yangu alikufa kwa saratani hii. Nami nitaipata? Si lazima, lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine, hasa kama ni mzazi, kaka au dada, na zaidi kama aliugua kabla ya miaka 50. Mweleze daktari ili akupangie uchunguzi mapema.

Nina damu chooni na nina miaka 25. Si nimo salama? Ujana unapunguza hatari, hauiondoi. Na kolaitisi yenyewe ni ugonjwa wa vijana.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Katika nyumba zetu, mwenye kuficha mara nyingi ni baba, kwa sababu ya heshima yake, au bibi, kwa sababu hataki kuwasumbua watoto kwa gharama. Kwa hiyo tunawaomba akina mama na vijana: mkiona mtu mzima anakonda, anakwenda chooni mara nyingi usiku au anafua nguo zake za ndani kwa siri, msingoje aseme. Mwulizeni kwa upole, naye akikubali, msindikizeni. Damu ikiendelea zaidi ya majuma mawili, au ikirudi baada ya dawa, barua ya rufaa iombwe wiki hiyo hiyo.